Mkunga Aliyekokota Nyumba

Asubuhi za Ijumaa mtaani kwetu Darsait, kabla maduka hayajafungua milango, kilisikika kwanza kikohozi, kisha mngurumo mzito uliotulia taratibu. Hapo tulijua kuwa Mkunga amewasha pikapu yake. Hakuiondoa papo hapo. Alishuka, akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza. Majirani waliotaka kulala zaidi walifunga madirisha kwa kishindo. Yeye hakugeuka.

"Dizeli haikimbizwi," alikuwa akisema. "Iache oili ipande kwanza. Na wewe ukiamshwa usingizini ukaambiwa kimbia, utakimbia?"

Sote tulimwita Mkunga, usoni pake na nyuma yake. Alikuwa amestaafu hospitali, lakini nusu ya vijana wa mtaa walipita mikononi mwake, binti yangu akiwa mmoja wao. Akikutana nao barabarani hakuwauliza masomo wala kazi. Aliwatazama kichwani, akasema, "Wewe ulitanguliza mguu. Ulinisumbua." Vijana wenye ndevu walitahayari wakatazama chini.

Alipostaafu, wenzake walikwenda umra, wakanunua dhahabu, wakapaka nyumba zao rangi. Yeye umra alikwenda, kisha akarudi akanunua pikapu nyeupe ya dizeli, yenye viti vya nyuma na gia za mkono, ambayo mwenyewe wa kwanza alikuwa akibebea mabomba. Haukupita muda, ikaja karavani. Sisi tuliiita trela. Yeye aliiita nyumba. Ilikuwa na vitanda vyembamba, jiko la gesi, mapazia aliyoyashona mwenyewe, na choo chenye mlango wa kufunga kwa ndani. Mgeni akija kuitazama, alioneshwa choo kabla ya kitu kingine chochote.

"Unajua kwa nini wanawake wa rika langu hawatembei?" aliniuliza siku ile ya kwanza. "Watu wanadhani ni miguu. Si miguu, ni choo. Mpe mwanamke choo chenye komeo, utamfikisha Salala, mwisho wa nchi."

Kaka yake mkubwa, aliyekuwa mtu wa wizarani na sasa amestaafu anaishi Qurum, hakufurahi hata kidogo. Alikuja na gari lake la kung'aa, akasimama mbele ya karavani, mikono nyuma.

"Wallahi, mwanamke mzima anakokota nyumba barabarani! Watu watasema huna kwenu."

"Waambie nnako," Mkunga akajibu huku akipaka grisi lile tufe la chuma linaloshika trela nyuma ya gari. "Nnako, na nnakokota."

Kwa gari lake alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Kila akirudi safari alilala ubavu juu ya mkeka, akalegeza kizibo kilicho chini ya chujio la dizeli, akakinga kwa gilasi ya chai. Kisha aliiinua gilasi ile juani kutafuta maji yaliyotuama chini ya mafuta. Akiyaona aliyamwaga kwa hasira, kana kwamba mtu kamtukana, maana maji yakifika kwenye nozeli, alisema, safari imekwisha na hakuna wa kukuonea huruma. Rejeta aliiosha kwa mpira wa maji kwa upole mpaka vumbi lote la jangwani litoke. Upepo wa matairi aliupima alfajiri, kabla lami haijapata moto. Na njiani, kila tuliposimama, alizunguka karavani akagusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akigusa shavu la mtoto mwenye homa. Kikiwa vuguvugu, hewala. Kikichoma, beringi inakufa, na hapo hatuondoki.

Lakini mtu huyuhuyu aliyehimiza kila mtu apimwe presha, mwenyewe daktari alimkwepa kama anayekwepa mdai. Alikunywa chai ya sukari tele, na akiulizwa alisema sukari ni ya wageni. Alisali kwa wakati, kisha akaingia garini akafungulia taarabu mpaka vioo vikatetemeka. Wodini alijulikana kwa subira. Mwanamke aliweza kumtukana usiku kucha na yeye akampangusa jasho tu. Kwenye kituo cha mafuta hakuwa na subira hata chembe. Kijana akichelewa kumfungulia kifuniko cha tangi, alipiga honi. Karata alicheza kwa kuiba, tena bila kujificha, na ukimshika alicheka mpaka machozi. Kiyoyozi alikizima kila tulipopanda kilima, hata jua liwe la kukaanga.

"Mkunga, tunaungua!"

"Gari linapanda mlima na mzigo mgongoni, nawe wataka ubaridi! Fungua dirisha."

Nilimjua hivyo kwa miaka, kama jirani anavyomjua jirani. Kazi hasa ya nyumba ile sikuijua mpaka nilipofiwa.

Mume wangu alitoka kwenda kazini akiwa mzima, na adhuhuri wakanipigia simu. Moyo. Nikakaa eda kwenye ghorofa yetu, mimi na binti yangu, ndugu wakiingia na kutoka na masufuria. Miezi minne na siku kumi ilipokwisha, wanawake wakaja, nikaoga, nikavaa nguo mpya, nikafukizwa udi. Wakaniombea dua, wakaondoka. Kila mtu alidhani nimetoka.

Sikuwa nimetoka. Asubuhi nilivaa viatu nikafika mlangoni, nikavua. Kazini niliomba siku zaidi. Binti yangu alikwenda dukani kununua mkate na mimi nikamngoja nyuma ya pazia. Sikuogopa kitu ninachoweza kukitaja. Nilikuwa tu sijui nikifika barabarani nielekee wapi, maana mwaka baada ya mwaka nilitoka mlango ule na mtu akiniuliza, "Umechukua funguo?"

Siku moja, baada ya sala ya alasiri, nikasikia ule mngurumo chini ya dirisha langu. Ukasimama hapo hapo. Nikachungulia. Pikapu ilikuwa imefungwa karavani, imeziba njia nzima, na magari nyuma yake yanapiga honi. Mkunga ametoa kichwa nje.

"Shuka! Chukua nguo za kulala na mswaki. Mtoto nimeshasema na dada yako, atakuja kulala naye."

"Tunakwenda wapi?"

"Sijui bado. Shuka upesi, nnaziba njia."

Nilishuka kwa sababu ya zile honi. Leo naona alizitegemea tangu mwanzo.

Tukaenda Sawadi, ambako pwani ni tambarare na barabara haina kilima. Njia nzima hakuniuliza habari ya mume wangu. Hakunipa pole, hakunitajia subira. Tulipofika alinipa kazi. Shika kabari hii, iweke nyuma ya gurudumu. Zungusha miguu ya karavani mpaka maji ndani ya bakuli yakae sawa. Fungua gesi, funga gesi. Nilifanya kama mtu aliyekodiwa. Kisha jua lilipokuwa linashuka nikaingia chooni, nikatia komeo, nikafungulia maji ili nisisikike, nikalia kilio ambacho eda nzima sikupata pa kukilia, kwa kuwa nyumbani palikuwa na watu, na walipoondoka palikuwa na mtoto.

Nililia muda mrefu. Kisha nikasikia sauti yake nje ya mlango, karibu kabisa.

"Mwanangu, lia mpaka tangi likwishe maji. Nna madumu mengine."

Nikacheka. Sikutaka kucheka, lakini nilicheka, huku kamasi zinanitoka. Tulipoketi kula, nilikula samaki mzima.

Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa sikuwa wa kwanza. Mtaani, na Ruwi, na Mutrah, kila alikosikia kuna mwanamke amemaliza eda, Mkunga alipeleka pikapu yake chini ya dirisha. Wengine walikataa, akarudi wiki ya pili. Mmoja, bibi wa makamo ambaye hakuwa amelala nje ya nyumba ya mumewe tangu harusi, alikaa kwenye kiti cha kukunja ufukweni siku mbili bila kusema neno, na ya tatu akauliza kama wanaweza kwenda mbele zaidi. Majina Mkunga hakuyataja. Haya niliyaona mwenyewe, kwa sababu baada ya Sawadi nikawa nafuatana naye. Nilirudi kazini wiki ile ile, na mwisho wa wiki nilikuwa abiria wake, mshika kabari, mpika chai.

Ilikuja siku ambayo nyumba ile ilitaka kutuua.

Tulikuwa tunakwenda pwani ya Fins, mimi naye peke yetu, kutafuta mahali pazuri pa kumpeleka mtu. Asubuhi ile kaka yake alimpigia simu wakagombana, na yeye akapakia mzigo huku bado anagombana. Madumu ya maji na gunia la makaa akayatupa nyuma kabisa ya karavani. Yeye, ambaye siku zote alinifokea nikiweka hata sufuria nyuma! Uzito ukae mbele ya magurudumu, alikuwa akisema, ama sivyo mkia utamkokota mwenye kichwa.

Tukapita Amerat, tukaingia kwenye milima ya njia ya Quriyat. Kwenye mteremko mmoja mrefu, lori likatupita kwa kasi na upepo wake ukatupiga ubavuni. Nikahisi kiti kinavutwa. Karavani ilikwenda kushoto, ikarudi kulia, ikaenda kushoto zaidi. Pikapu ikaanza kuyumba nayo. Niliona ukingo wa barabara ukija upande wangu, kisha ukiondoka, kisha ukija.

Mkunga hakukanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani wima, na kwa mkono wa kulia akabonyeza kile kitufe cha chini ya dashibodi kinachobana breki za trela peke yake. Sauti yake ilikuwa ile niliyoisikia usiku niliomzaa binti yangu.

"Taratibu. Taratibu, mama. Tulia."

Sijui alikuwa akiniambia mimi au gari. Tukavutwa nyuma, mara moja, mara ya pili, na kuyumba kukapungua.

"Limenyooka?" akauliza.

"Si unaliona kwenye kioo?"

Akapunguza mwendo zaidi.

"Nambie limenyooka au halikunyooka."

Nikatazama kioo cha upande wangu. "Limenyooka."

Akasogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Alikuwa anatazama mbele, mahali pasipo na kitu.

"Jicho la kulia limekwenda," akasema. "Presha ya macho. La kushoto linafuata."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Na daktari?"

"Nilimwona. Sikupenda alichosema."

Nikapandwa na hasira ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia binti yangu amebakiwa na mzazi mmoja. Nikamwambia amewabeba wanawake waliokwisha fiwa, amewapandisha milima bila kuwaambia kwamba anaona nusu ya barabara. Nilipiga kelele. Magari yakatupita na karavani ikatikisika kila yalipopita.

"Una haki," akasema.

Akashuka. Akafungua mlango wa nyuma wa karavani, akaanza kuhamisha madumu kwenda mbele, moja moja, juani, mzee yule. Nikakaa ndani nimekunja uso. Nilipomwona anashindwa na gunia la makaa, nikashuka nikashika upande wa pili. Tukalibeba pamoja. Tulipomaliza, akazunguka mpaka mlango wangu wa abiria, akaingia, akafunga mkanda.

"Nenda kule," akasema.

"Mimi? Mimi naendesha kijigari cha kwenda sokoni!"

"Leseni yako ya gia?"

"Ya gia, lakini sijaishika tangu nipite mtihani."

"Basi leo unaishika. Washa. Usiikimbize."

Niliendesha hadi chini ya milima nikiwa nimeshika usukani kama anayening'inia. Gari lilizima mara kadhaa. Kila nilipotaka kukanyaga breki mteremkoni alisema, "Gia. Rudisha gia, iache injini ishike." Na injini ikashika, ikaguna, ikatuteremsha polepole. Tulipofika tambarare nilitambua kwamba nilikuwa nimeacha kuogopa kitambo, sikumbuki wapi.

Habari ilimfikia kaka yake, kwa kuwa Mkunga mwenyewe alimwambia. Tukaitwa Qurum, kwenye majlisi yake yenye mito mikubwa.

"Khalas," kaka akasema. "Gari linauzwa. Na hiyo nyumba yako pia."

Mkunga hakubishana. Alishika kikombe cha kahawa mikono miwili, akawa mdogo. Mke wa kaka yake, aliyekuwa akitukatia halua na ambaye kwa kawaida hakusema mbele ya mumewe, akasema bila kuinua macho, "Msiuze. Mimi sijapanda bado."

Kaka akamgeukia. "Wewe? Wende wapi?"

"Popote. Huyu bint si anaendesha?" Akaninyooshea kisu cha halua.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Mkunga akaapa kutoshika usukani tena, na kiapo hicho alikitimiza. Mimi nikawa mwanafunzi. Ijumaa baada ya Ijumaa tulikwenda kwenye uwanja mtupu kando ya wadi, bonde la mto mkavu, akanifundisha rivasi, kitu kigumu kuliko vyote, maana trela huenda kinyume na unavyokusudia. Yeye alisimama pembeni, akisikiliza matairi kwenye changarawe.

"Shika usukani chini kabisa. Sasa, unakotaka mkia wende, mkono uende huko huko. Polepole! Umeshapinda, nnasikia. Toka mbele, anza tena."

Nilianza tena mara nyingi mno. Siku nilipoiingiza karavani baina ya mapipa mawili bila kugusa, hakunisifu. Aliliendea pipa la kulia, akaligusa, akaligusa la kushoto, akasema, "Sasa twende tukamchukue wifi yangu." Na tukamchukua, mpaka jangwani Bidiya, na wifi mtu akapanda mchanga kwa miguu mitupu akaporomoka kwa makalio kama mtoto, akaomba apande tena.

Miaka imepita. Macho yote mawili yamekwenda sasa. Huona mwanga na vivuli tu. Alihamia Qurum kwa kaka yake, na pikapu ikabaki kwangu Darsait. Maji ya chujio nayatoa mimi. Majirani wanaofunga madirisha kwa kishindo siku ya Ijumaa wananifungia mimi.

Wifi yake alifariki kiangazi kilichopita, kwa maradhi mafupi. Msibani nilimwona kaka mtu akipokea watu wima, kanzu imepigwa pasi, anamshukuru kila mmoja kwa jina. Siku tatu, kisha akaondoa viti. Watu wakasema mashallah, mwanamume ana imani.

Majira ya baridi yalipoingia, Mkunga akanipigia simu.

"Ijumaa njoo na nyumba."

"Nani amemaliza eda?"

"Wewe njoo tu."

Nilipofika Qurum, nyumba ile kubwa ilikuwa imefungwa madirisha yote. Langoni alisimama kaka yake, na begi dogo mkononi. Alikuwa amekonda. Kanzu yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ilikuwa na mikunjo. Hakunitazama.

"Dada yangu ameng'ang'ania," akasema. "Nimemwambia mwanamume hana eda."

Mkunga alikuwa akija nyuma yake, anapapasa ukuta kwa ncha za vidole.

"Ndio maana eda yako haijesha," akasema. "Panda nyuma. Na usiniulize kiyoyozi."

Tukaenda Fins. Kaka mtu alipakata begi lake mpaka tulipofika. Nikampa kabari, akaitazama, nikamwonesha gurudumu. Akainama, mtu wa wizarani yule, akaiweka. Mkunga alimwambia wazi kwamba ndani ni kwa wanawake, hema lake liko chini ya kiti. Kaka akahangaika na vyuma vya hema mpaka jua likakaribia kuzama, akakataa nisimsaidie, na lilipokaa sawa alilizunguka akilitazama kila upande.

Asubuhi niliamshwa na sauti. Jua lilikuwa limechomoza. Kupitia pazia niliwaona wamekaa kwenye viti vya kukunja, migongo kwangu, birika la chai kwenye mchanga. Kaka mtu alikuwa akizungumza. Alikuwa akieleza jinsi mkewe alivyokuwa akitia chumvi kidogo mno kwenye wali kwa ajili ya presha ya mumewe, na jinsi yeye alivyoificha chumvi mfukoni akawa anajitilia kisirisiri, na kumbe mkewe alijua tangu mwaka wa kwanza, akawa anaipunguza zaidi ili mwisho iwe sawa. Alikuwa anacheka. Kisha akashika magoti yake, akavuta pumzi.

"Yatosha," akasema. "Nnakuchosha. Tufunge mizigo."

Nikaona mkono wa Mkunga ukitambaa hewani ukitafuta, ukaupata mkono wa kaka yake, vidole vikakaa kwenye mshipa wa kifundo, kama anayepima mapigo.

"Endelea, kaka," akasema. "Leo hatwendi popote."